Kuunga kompyuta ya gemu ya kwanza kwa bajeti ndogo: niliyoyaona kuanzia Kariakoo mpaka ikawaka

Kama una milioni moja na ushee umeikusanya kwa tabu na unataka kuunga kompyuta yako ya kwanza ya gemu, soma hii kabla hujashuka Kariakoo. Ya kwangu niliiunga 2024 hapa hapa Dar, nilianza na bajeti ya milioni moja na laki tano, mpaka namaliza imenitoka 1,870,000. Na wala sikupigwa na mtu. Tofauti yote imetokana na jambo ambalo watu hawalisemi, kwamba bei ya kifaa ni ile ya dukani jumlisha na vyote ambavyo kitakulazimisha ununue baada ya hapo. Kila kifaa kinavuta kingine. Ukilijua hilo mapema kuchagua kunakuwa kwepesi, usipolijua utanunua kitu cha bei chee leo na wiki ijayo unarudi mjini kukitafutia mwenzake.

Kabla hujauliza bei ya chochote jiulize unacheza nini na unachezea kwenye skrini gani. Mimi nilitaka EA FC (ile ya mpira), GTA V na Valorant, na nina mdogo wangu ambaye yeye ni mpira tu. Hizo gemu hazilingani uzito. Valorant ni nyepesi, hata prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye grafiki ya ndani, yaani inayochora picha yenyewe bila kadi, inaiendesha vizuri, GTA V ni ya 2015 nayo haisumbui sana, ila EA FC za miaka hii zinataka kadi ya grafiki ya maana, kile kifaa cha kuchora picha, na nafasi ya kama GB 100 kwenye diski. Halafu skrini. Wengi wetu tuna tv ya inchi 32 sebuleni, na tv nyingi za inchi 32 ni vidoti 1366 kwa 768 tu, haifiki 1080p (1920 kwa 1080), kwahiyo mtu anaweza kununua kadi ya laki saba akaichomeka kwenye skrini isiyoweza kumwonyesha alicholipia. Monita ya ofisini ya Hz 60 nayo inakuonyesha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kadi ikitoa 140 hizo nyingine huzioni. Nikaamua mapema kabisa: monita ya 1080p, Hz 60 au 75, basi, na kila kitu kingine kikafuata hapo. Huo uamuzi peke yake uliniokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote nililobembeleza madukani.

Sasa Kariakoo ukishatamka tu neno kompyuta, winga kashakudaka. Wangu alikuwa kijana mstaarabu, "Kaka usihangaike kuunga, kuna gaming PC iko tayari, taa zote zinawaka, milioni na laki mbili unaondoka nayo." Tukapanda ghorofani na kweli mashine inapendeza, kioo ubavuni, feni zinabadilisha rangi. Nikamwamkia mwenye duka, mzee wa makamo, shikamoo mzee, marahaba kijana, nikaomba kioo kifunguliwe. Akafungua bila neno. Ndani kuna i5 ya kizazi cha nne, ram (kumbukumbu ya muda) kipande kimoja cha GB 8, kadi ya GT 730, na chini kabisa pawa saplai (kisanduku kinacholisha umeme vifaa vyote) nyepesi isiyo na jina la kueleweka. Mzee sikumlaumu, kila nilichomuuliza alinijibu ukweli, tatizo ni vile tangazo linavyoandikwa, "Core i5, RAM 8, kadi ya GB 4", na mtu asiyejua anaona kapata. i5-4590 ya 2014 na i5-12400 ya 2022 zote zinaitwa i5. GB 4 za GT 730 ni za DDR3, kumbukumbu ya zamani ya polepole, na kadi yenyewe ya 2014 inazidiwa hata na grafiki ya ndani ya prosesa za kisasa. Kwahiyo ukiona mashine iliyokwisha kuungwa, omba ifunguliwe, usome namba nzima ya prosesa na namba nzima ya kadi, sio herufi za mwanzo tu. Anayekataa kufungua, mshukuru uondoke.

Njia ya pili iliyonivutia ni desktopu za ofisini, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoletwa za mtumba kutoka Ulaya. Laki mbili na nusu, laki tatu, unapata i5 na ram na diski, ukifikiria kuongeza kadi tu. Hesabu inaonekana tamu mpaka uangalie ndani. Nyingi za kuanzia kizazi cha nne plagi ya pawa saplai sio ile ya kawaida ya pini 24, ni ya kwao wenyewe, kwahiyo huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani ukachomeka, inabidi utafute adapta. Zile nyembamba zinataka kadi fupi ya nusu urefu, na kadi fupi ni chache na bei yake imechangamka. Waya wa ziada wa kulisha kadi haupo, kwahiyo umefungwa kwenye kadi za wati 75 zinazokula umeme wa kwenye mazabodi (bodi kuu inayochomekwa kila kitu) peke yake, kama baadhi ya GTX 1650. Na kuna suala la Windows: Windows 10 iliacha kupata apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Unaweza kuilazimisha ikaingia, lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi uliojengwa ndani ya mashine, na hapo mashine ya 2014 inakwama. Kwa kazi za shule na sinema hizo mashine ni nzuri kweli kweli, dada yangu anayo mpaka leo. Kwa gemu, bei yake ya chini inavuta vitu vingi mno nyuma yake.

Kuna na hizi seti za Xeon kutoka China, mazabodi ya X99 na prosesa ya seva pamoja na ram, unaona kabisa "kore 14" kwa bei ya kore 6, kore ni kama vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa. Jamaa yangu mmoja anafanya video, kachukua E5-2680 v4 na anaifurahia, kazi zake zinagawanyika kwenye kore zote. Gemu nyingi hazitumii kore 14, zinategemea kore chache zenye kasi, na ile Xeon ya 2016 ukomo wake ni GHz 3.3, inakula mpaka wati 120, na haina grafiki ya ndani. Inataka feni kubwa, pawa saplai nzuri na kadi, na ikileta shida ya mazabodi huku kwetu hamna wa kumrudishia. Nikaiacha.

Nikabaki na mawili: Ryzen 5 5600 ya AMD kwenye soketi ya AM4 (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi), au i3-12100F ya Intel. Zote ni chaguo zuri na sitabishana na mtu aliyechukua ya Intel, i3 hiyo ina kore 4 tu ila ina kasi na bei yake ni nafuu. Mimi nilichukua AM4 kwa sababu ya mazabodi. Bodi za B450 zilizotumika zinapatikana, ram yake ni DDR4, na baadaye nikipata hela natoa hii prosesa naweka 5700X3D bila kubadilisha mazabodi wala ram. Angalia tu mambo mawili. Herufi F mwishoni mwa Intel, na Ryzen 5000 isiyo na G, zote hazina grafiki ya ndani, maana yake bila kadi hupati picha hata ya kuwekea Windows. Na prosesa inayouzwa bila boksi mara nyingi inakuja bila feni. 5600 ya kwenye boksi ina feni yake, inatosha kabisa, isiyo na boksi ikipungua elfu thelathini usikimbilie, feni na pesti (ya kupitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye feni) vitakula hiyo hela yote na zaidi.

Ukinunua prosesa ya AM4 iliyotumika igeuze. Chini kuna pini 1331 nyembamba mno, washa tochi ya simu, iinamishe kidogo uangalie mistari ya pini kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, zote zinatakiwa zisimame sawasawa. Nilionyeshwa moja imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, imetolewa mfukoni mwa suruali, na kona yake pini zimelala. Muuzaji ananiambia "hizo zinanyooshwa tu boss". Zinanyooshwa kweli, wakati mwingine, na wakati mwingine inakatika moja. Nikanunua mpya, laki tatu na hamsini, roho iliniuma ila nikalala usingizi.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyonichukulia muda mrefu kuliko vyote, na ndiyo yenye mitego mingi. Baada ya Ethereum, sarafu ya mtandaoni iliyokuwa inazalishwa ("kuchimbwa") kwa kadi za grafiki, kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagwa sokoni dunia nzima, na nyingi ni RX 580 na GTX 1660 Super. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka na pesti imekauka, na hizo RX 580 nyingi za bei chee ni zile za 2048SP, ambazo kiukweli ni ndogo kuliko RX 580 yenyewe iliyo na shaders (vitengo vidogo vya kuchora picha) 2304. Halafu kuna kadi feki kabisa, chip ya zamani imebadilishwa programu ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dawa yake ni programu ya bure ya kusoma kadi inaitwa GPU-Z, iweke kwenye flashi uende nayo. Kadi feki nyingi za Nvidia inaziandikia neno FAKE mbele ya jina.

Nilikaribia kununua RX 6500 XT mpya kwenye boksi. Ina jina la kisasa, ni ya 2022, bei nzuri. Shida iko kwenye njia yake ya kuongea na mazabodi, ina njia nne tu za PCIe, na imetengenezwa ikitegemea PCIe 4.0. Ukiiweka kwenye bodi ya B450 ambayo ni PCIe 3.0, kasi ya hizo njia inakatika nusu, na kwa vile ina GB 4 tu za kumbukumbu, gemu ikijaza inaanza kukwama kwama. Na haina uwezo wa kurekodi video kwa kutumia kadi yenyewe, kwahiyo kama una ndoto ya kurusha gemu YouTube utaumia. Yaani kadi hiyo bei yake halisi ilikuwa kadi pamoja na mazabodi mpya. Nikaona RX 6600, GB 8, njia nane, wati 132, ikiwekwa kwenye PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu. Ndiyo hiyo nikaitafuta.

Mpya hapa bei ilinishinda. Shemeji yangu anafanya biashara ya nguo, huwa anakwenda Dubai kuchukua mzigo, nikamuomba. Akaenda Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta, pale Al Ain Centre, akapata iliyotumika, akanipigia simu ya video. Nilimwambia shemeji, usitoe hela kwanza, mwambie aichomeke. Nikawa namwelekeza, sogeza simu karibu na skrini, shuka chini kidogo, hapo hapo. GPU-Z ikasoma Radeon RX 6600, shaders 1792, GDDR6, GB 8. Nikaomba waiweke FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika kumi, hapo joto likapanda mpaka 71 likatulia, picha haina mistari wala madoadoa, nikamwambia weka sikio karibu, feni inakwaruza? "Haikwaruzi shemeji." Nikaomba aigeuze aonyeshe skrubu za nyuma, hazijachubuka, na hakuna mafuta yanayovuja pembeni mwa chip. Ndipo akalipa, ikanigharimu kama 430,000 ya kwetu. Muuzaji mzuri hakasiriki ukitaka kupima. Na kama unaagiza mwenyewe kwa ndege, ile bei unayoiona mtandaoni iongezee gharama ya kusafirisha na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahi.

Pawa saplai nitaiongelea kwa kirefu kwa sababu ndiyo kifaa kinachoweza kuua vingine vyote. Makasha mengi ya bei nafuu yanakuja na pawa saplai ndani imeandikwa "500W" au "600W" kwa maandishi makubwa, na muuzaji anakwambia umeshaokoa hela. Usisome maandishi makubwa, geuza usome stika ya jedwali. Tafuta mstari wa +12V, angalia ampia zake, zidisha kwa 12. Moja niliyoishika ilikuwa imeandikwa 600W, kwenye +12V kuna ampia 18. 18 mara 12 ni wati 216. Hizo ndizo wati za kweli ambazo prosesa na kadi zitagawana, hizo nyingine ni za kupamba boksi. Ile niliyonunua, 550W yenye 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), ina ampia 45, yaani wati 540, na ukiibeba unauona uzito wake mkononi. AMD wenyewe kwa RX 6600 wanapendekeza angalau wati 450. Laki moja na sabini, ndiyo hela niliyotoa kwa amani kuliko zote.

Na kama utanunua ya mtumba iliyotoka Marekani, angalia nyuma, za zamani zina swichi nyekundu ndogo ya 115 na 230. Ikiwa imekaa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 inapasuka hapo hapo, kwa kishindo. Hakikisha inasoma 230 kabla ya kitu chochote.

Mazabodi nilinunua duka jingine, B450M iliyotumika, laki moja na elfu themanini, safi haina hata vumbi. Nikaunga kila kitu nyumbani jioni, nikabonyeza, feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi. Nikachomoa ram nikarudisha, nikabadilisha waya wa HDMI, nikatoa kadi nikarudisha, nyeusi. Niwaambie ukweli ule usiku nilikaa kitandani nikiwa na hisia kwamba milioni na nusu imeungua, hela ambayo niliikusanya mwaka mzima kwa kuacha vitu vingi. Mama akaniletea chai akauliza "imekataa?" nikashindwa hata kumjibu vizuri.

Haikuungua kitu. Bodi za B450 zilitoka 2018, prosesa za Ryzen 5000 zikaanza kutoka mwishoni mwa 2020, kwahiyo bodi ambayo haijawahi kuapdetiwa BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya bodi inayowasha mashine, haiijui 5600, inaiangalia kama mgeni asiye na barua. Bodi nyingine zina kitufe cha BIOS flashback, unaweka faili kwenye flashi unabonyeza hata bila prosesa, yangu haina. Kesho yake nikambebea fundi mmoja, akaweka Ryzen 3 2200G ya kwake, ikawaka, akaingiza BIOS mpya kwa flashi, akarudisha 5600 yangu, na picha ikaja. Elfu ishirini. Kwahiyo wewe nunua prosesa na mazabodi duka moja kama inawezekana, viunganishwe hapo hapo na uone picha kwenye skrini ndipo utoe hela. Ikishindikana, uliza toleo la BIOS, halafu nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi, kuna orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS la kila moja.

Ram sina mengi. Nunua vipande viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinafanya kazi pamoja na gemu zinasikia tofauti, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa. Ukishawasha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu ram kukimbia kasi yake kamili, kama hujaiwasha ram yako ya 3200 itakimbia 2133 au 2400 maisha yote na hutajua. SSD (diski ya kasi) chukua NVMe, ile bapa inayochomekwa kwenye mazabodi, ya GB 500 ya kampuni inayojulikana, na ukiona SSD ya TB 2 kwa elfu arobaini ujue hiyo TB 2 ni ya kwenye karatasi, programu ya H2testw inaiumbua. Kwa iliyotumika kuna CrystalDiskInfo inakuonyesha asilimia ya afya.

Kwenye kuunga kwenyewe watu wanaogopa kuliko inavyostahili. Prosesa ya AM4 ina pembetatu ya dhahabu kwenye kona moja, unailinganisha na alama ya kwenye soketi, inadondoka yenyewe bila kusukumwa, ikikataa usikandamize, itoe uanze upya. Kibati cha nyuma cha milango ya mazabodi kiweke kabla ya bodi, mimi mwenyewe nilikumbushwa na mdogo wangu skrubu zikiwa bado mkononi. Waya wa prosesa wa pini 8 na wa kadi wa pini 8 vinafanana kwa macho ila sio kitu kimoja, soma maandishi, CPU ni CPU na PCIe ni PCIe, na kama inaingia kwa nguvu acha. Zile nyaya ndogo za kitufe cha kuwashia ndizo zinazochosha, piga picha ya kitabu cha mazabodi uikuze kwenye simu. Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye mazabodi. Nimeona mtu ana kadi nzuri na analalamika skrini nyeusi kwa sababu hiyo tu.

Dar joto lake mnalijua. Chumba hakina AC, Januari na Februari hewa ni nzito, na ukikaa karibu na bahari chumvi inatafuna chuma. Chagua kasha lenye wavu mbele, achana na lile la kioo mbele hata kama linapendeza, weka feni inayovuta mbele na inayotoa nyuma, na lisiwe chini sakafuni. Vumbi lipulize kila baada ya muda, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke.

Umeme sikuuweka kwenye bajeti kabisa na ndio uliovuta hela nyingi za ziada. Unakatika, unarudi kwa nguvu, unashuka. UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650 kwa kawaida inatoa wati kama 360 hadi 390, mashine yangu na monita vinaingia, na betri inanipa dakika chache za kuseva na kuzima kistaarabu. Usiinunue ukidhani utamalizia mechi. Mtandao nao uhesabu, GTA V inazidi GB 100, EA FC kama GB 100, kwa bando la simu utalia. Mimi nilinakili mafaili ya gemu kwa rafiki ambaye tayari anazo, kila mtu na akaunti yake aliyolipia, halafu programu ikakagua na kupakua kidogo kilichobaki.

Hesabu yote ni hii: prosesa 350,000, mazabodi 180,000, ram 130,000, SSD 120,000, kadi 430,000, pawa saplai 170,000, kasha 110,000. Hapo ni 1,490,000 na ndiyo bajeti niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari nikiamini nimemaliza. Monita ya mtumba 130,000, UPS 140,000, kibodi na mausi 45,000, fundi wa BIOS 20,000, na vitu vidogo, flashi, waya wa HDMI, ekstensheni nzuri, 45,000. Hivyo vya mwisho vimekula 380,000. Ukiwa na milioni na nusu kamili, gawa kama una milioni moja na laki moja ya vifaa vya ndani, iliyobaki ni ya vinavyozunguka.

Matokeo yake nimeridhika nayo sana. EA FC 1080p inakaa juu ya fremu 60 bila kushuka, GTA V mipangilio ya juu, Valorant monita ndiyo inaishiwa. Mdogo wangu na wenzake wanajaa chumbani Jumamosi na mama halalamiki.

Kwa mwenye laki saba au nane, usilazimishe kadi. Chukua Ryzen 5 5600G, ina grafiki ya ndani, bodi ya B450 au B550 uliyoiona imewaka, ram mbili za GB 8, SSD, na ile ile pawa saplai ya 550W, halafu utachomeka kadi mwakani bila kubadilisha chochote. Utacheza Valorant na GTA V vizuri, EA FC kwa kushusha mipangilio. Ila bei zangu ni za 2024. Mwishoni mwa 2025 ram na SSD zilipanda sana kwa sababu viwanda vinakimbilia kutengeneza kumbukumbu za seva za AI, hata DDR4 imeguswa, kwahiyo ukishuka mjini sasaivi anza kuulizia bei ya ram, ukishaijua ndipo ugawe hela iliyobaki kwa vifaa vingine.